Kituo Kisichojibiwa

Mume wangu hakufukuzwa kazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi, kutoka Isevya mpaka Ng'ambo hapa Tabora, na wanaolisema ni wale wale waliokula pilau ya hitima yake. Abbasi alifariki akiwa bado mkufunzi wa historia chuoni. Chaki yake ya mwisho imo mfukoni mwa koti lake, na koti limo kabatini mwangu. Hakurogwa na mtu wa Ulyankulu. Hakusahau nywila ya kompyuta. Na mimi sikumfukuza msichana yeyote kwa mchi wakati wa msiba. Nilikuwa kwenye eda, nimekaa mkekani, na mchi ulikuwa jikoni kwa wenye kazi nao. Yule msichana nilimpa maji akanywa.

Nimekuwa mkaguzi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na najua tofauti ya kilichotokea na kilichosimuliwa. Haya ndiyo yaliyotokea.

Abbasi alizaliwa Isevya, mtoto wa seremala. Nyumba yao iliitwa nyumba ya Kirangozi, kwa sababu babu wa baba yake, Mhoja, alikuwa kirangozi: yule anayetangulia mbele ya msafara, anayejua maji yako wapi na mtemi gani atadai hongo, enzi wapagazi walipotoka hapa Unyanyembe kwenda Ujiji upande mmoja na Bagamoyo upande mwingine. Familia nyingine za mji huu zina maduka, zina mashamba ya tumbaku huko Urambo. Familia ya mume wangu ilikuwa na Mhoja. Mtu akija kuposa, alitajiwa Mhoja kabla hajaletewa maji. Mimi nilipoletwa kutoka Nzega, mwalimu kijana mwenye cheti kipya, baba mkwe alinikalisha akanieleza Mhoja mpaka chai ikapoa, kisha akaniuliza kama kwetu nako kuna mtu wa kutajwa. Nikamwambia kwetu kuna watu wanaojua kusoma. Akacheka, na tangu siku hiyo tulipatana.

Ualimu wa Abbasi ulikuwa mkali na sitaupaka sukari. Kazi mbovu kuliko zote aliisoma mbele ya darasa, taratibu, akitua kwenye kila kosa, mpaka mwenye nayo ajitambulishe kwa kulia. Kijana mmoja wa Choma, mtoto wa wafugaji, aliambiwa arudi machungani kwa sababu ng'ombe hawasahihishi mtu. Kijana huyo sasa ni mwalimu mkuu, na alikuja mazikoni. Wapo ambao hawakuja, na siwalaumu.

Akili mnemba ilipoingia kwenye simu za wanafunzi, Abbasi alikuwa wa kwanza chuoni kuigundua, kwa sababu alisoma kila kazi mpaka mwisho, jambo ambalo wenzake hawakuwa na mazoea nalo. Alirudi nyumbani na rundo la insha kuhusu wapagazi. Zote zilikuwa safi, zote zilianza na "tangu enzi na enzi" na zote ziliishia na "kwa kuhitimisha, ni dhahiri kwamba." Hakukuwa na insha hata moja yenye kosa la mtu. Akatoa sifuri kwa darasa zima.

Ezekia, mkuu wa taaluma, alikuja nyumbani kumwomba alegeze.

"Kaka Abbasi, darasa zima kweli?"

"Kazi imeandikwa na mmoja. Sifuri nimempa huyo mmoja, wao wamegawana."

"Na wa mwaka kesho? Si watakuja na simu hizo hizo?"

Swali lilimkaa. Likizo yote alishinda barazani na kompyuta yake, akitunga kazi ambayo mashine isingeweza kumfanyia mtu. Mimi nilikaa pembeni na kalamu nyekundu, nikimsahihishia. Aliandika, nikafuta, akaandika tena. Mwishowe ikawa hivi. Kila mwanafunzi aende mahali fulani kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Tura mpaka mto Malagarasi, amtafute mtu mwenye habari ya mahali hapo, amrekodi kwa simu. Sauti aitie kwenye programu inayogeuza sauti kuwa maandishi na kutoa muhtasari. Kisha asikilize sauti yake upya, neno kwa neno, na aonyeshe mashine imekosea wapi. Maksi zilitolewa kwa makosa ya mashine yaliyokamatwa. Sauti, maandishi na muhtasari viliwekwa kwenye ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua, na kila mahali palipowekwa sauti paliitwa kituo, kama walivyoita wapagazi.

Niliona uzuri wake mara moja. Vijana walilazimika kusikiliza. Bibi mmoja wa Sikonge alimwamkia mwanafunzi "mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, na mashine ikaandika "mwanga wa Luka," kana kwamba Wamoraviani wa kule wanaamkiana kwa Injili. Abbasi alicheka mpaka akavua miwani. Vyuo vingine viliandika kuomba mpango wa kazi ile.

Kanuni zilikuwa chache na alizitunga kwa makini. Mlevi asirekodiwe, mgonjwa asirekodiwe, mtoto asirekodiwe. Na kubwa kuliko zote: kituo hakifutwi. Kama habari yake si kweli, mtu alete anayejua, arekodiwe, na jibu liwekwe chini yake. Abbasi alisema historia yetu imeliwa na watu waliofuta yasiyowapendeza.

Sasa ndipo anapoingia Recheli.

Recheli alitoka Ulyankulu, kwenye vijiji vya watu waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Alikuwa mwanafunzi bora darasani, na Abbasi alilijua hilo kabla yake. Hakuna aliyekamata makosa ya mashine kama yeye. Mwenzake mmoja wa darasa alikwenda kurekodi huko huko Ulyankulu, akampata mzee aliyevuka mto Malagarasi pamoja na babu yake Recheli. Mzee akaeleza kwamba babu yule alimwacha mke wake wa kwanza, mgonjwa, upande wa pili wa mto, na kibuyu cha maji, na kwamba walipofika kambini alisema mke amekufa. Mzee akaongeza kwamba walipokuwa wakiondoka walimsikia mwanamke bado anaita.

Kituo kikawekwa. Recheli akasimama darasani. Yaliyofuata Abbasi alinisimulia siku ile ile mezani, na Recheli alinisimulia baadaye, na masimulizi yao hayakupishana hata neno.

"Mwalimu, naomba kile kituo cha babu kiondolewe."

"Kina uongo?"

"Sijui. Babu amekufa."

"Basi tafuta aliyekuwepo, mrekodi, uweke chini yake. Kanuni unaijua. Ulipata maksi kwa kuwaeleza wenzako."

"Mwalimu, mama yangu akipita njiani watoto wanamwigizia yule bibi akimwita babu. Wanaita, 'Baba Daudi, usiniache! Baba Daudi!'"

Nyuma ya darasa kuna waliocheka. Abbasi akangoja kicheko kiishe.

"Mwambie mama yako apite njia nyingine. Ulyankulu ina njia nyingi."

Nilimuuliza kama ilikuwa lazima aseme vile. Akasema alichosema kilikuwa kweli. Nilimpakulia wali.

Muda si mrefu tukafiwa na shangazi yake Abbasi, Bi Tunu. Alikuwa mkongwe kuliko wote katika ukoo. Utotoni alilala mkeka mmoja na dada yake Mhoja, ambaye alizeeka sana humo nyumbani, na hakuna mwingine aliyebaki duniani aliyewahi kuongea na watu wale. Mwaka wake wa mwisho nilimuuguza mimi, nyumbani kwangu, mpaka mwisho. Wanafunzi walikuja kumpa mwalimu wao pole. Recheli alikuwemo, kanga kichwani, simu mkononi. Niliiona simu. Nikadhani yumo wasapu kama wengine.

Jeneza lilipoinuliwa uani, Uwesu akalala chini mlangoni.

Uwesu ni mtani wetu. Ni Mzaramo, babu yake alikuja Tabora na misafara, akabaki, na mjukuu ni fundi cherehani. Kanzu ya harusi ya Abbasi aliishona yeye. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa njia ile ile, watu waliobeba mizigo pamoja na kuzikana porini. Mtani anakuosha, anakuzika, na kwenye msiba wako anasema anachotaka, na hakuna wa kununa. Maneno yake hayachukuliwi kwenda nayo nyumbani. Ni kama maji yaliyooshea maiti: yanafukiwa pale pale.

"Haendi mtu hapa!" Uwesu alipiga kelele. "Kwanza nikague sanda." Akanyoosha mkono akavuta pindo. "Aa! Hii naijua! Hili ni jora la Ujiji! Jora alilopewa Mhoja alipomuuza mtoto wa dada yake. Wanyamwezi nyie, hamjalimaliza tu mpaka leo?"

Uwanja mzima ukacheka. Mtu akamjibu, "Toka hapo, Mzaramo! Ninyi mlikuwa mnabebwa ndani ya mizigo kama pweza mkavu!"

"Tulibebwa, ndiyo, ila hatukuuzwa na wajomba zetu! Eti kirangozi! Alipotea njia ya Bagamoyo, akapotea ya Karagwe. Ya sokoni Ujiji tu ndiyo hakuipotea. Alikwenda na mpwa, akarudi na jora la merekani!"

Abbasi alicheka na machozi yakimtoka. Uwesu akapewa kitu chake cha utani, akainuka, akajifuta vumbi, akawa wa kwanza kuweka bega chini ya jeneza. Ndivyo ilivyo kwetu.

Wiki iliyofuata Abbasi alikuwa akisahihisha mezani. Akaniita.

"Mama Shamila, njoo usome."

Ilikuwa kazi ya Recheli. Kituo kilikuwa mjini Tabora, Isevya, uani kwetu. Muhtasari wa mashine ulisema: "Bwana Uwesu, mkazi wa Tabora, ameeleza kuwa Mhoja, kiongozi wa misafara katika karne ya kumi na tisa, alimuuza mpwa wake katika soko la Ujiji kwa jora moja la kitambaa cha pamba. Familia inaaminika kunufaika na biashara hiyo."

Nilisoma mara mbili. Mashine ilikuwa imetoa vicheko vyote ikaacha maneno, na maneno yalipobaki peke yake yalivaa koti la heshima yakawa ushahidi.

Abbasi alimwita Recheli ofisini.

"Huu ni utani."

"Kanuni inakataza mlevi, mgonjwa na mtoto, Mwalimu. Utani haumo."

Haukuwemo. Alitunga kanuni likizo nzima, nami nikazipitia, na hilo halikumjia yeye wala mimi, kwa sababu hakuna mtu aliyezaliwa hapa anayehitaji kuambiwa.

"Vicheko umevipeleka wapi?"

"Vimo kwenye sauti, anayetaka atavisikia. Tumeambiwa tusahihishe maneno. Maneno niliyasahihisha yote. Mashine iliandika 'meli kani,' nikaandika 'merekani.'"

"Umefanya kwa makusudi."

"Ndiyo, Mwalimu. Kina uongo?"

Abbasi alimpa maksi za juu kuliko darasa zima. Alizistahili. Kazi ikawekwa kwenye ramani.

Watu wa mji huu hawakuwahi kusoma kituo hata kimoja, vya Tura wala vya Sikonge. Hicho walikisoma. Kilizunguka kwenye makundi ya wasapu kutoka msikitini mpaka stendi. Mdogo wake Abbasi, Hajji Sabiri, anauza mbao za mninga, na wateja walianza kumfuata dukani bila haja ya mbao.

"Hajji, asalaam aleikum. Mpwa leo bei gani?"

"Nenda zako."

"Au mpaka tulete jora?"

Mpwa wao halisi, mtoto wa dada yao, mtu mzima mwenye ndevu na watoto, alikuwa akiambiwa na wapita njia, "Mjomba wako akikata tiketi ya Kigoma, wewe jifiche." Chuoni mtu aliweka kipande cha merekani juu ya meza ya Abbasi. Alikichukua, akafutia ubao, akaanza kufundisha.

Nilimwambia aende kwa Uwesu. Maneno yalitoka kinywani mwake. Yeye ndiye angeyarudisha. Tulikwenda pamoja. Tulimkuta barazani, nyuzi mdomoni, mguu kwenye cherehani.

"Shikamoo, mtani," Abbasi alisema.

"Marahaba, muuza watu. Mmeniletea nani leo?"

"Nimekuja kwa jambo zito. Nataka useme kwenye simu hii kwamba ulikuwa utani."

Uwesu alitoa nyuzi mdomoni, akazitazama. "Mtani haelezi, Abbasi. Nikieleza leo, siku ya kunizika mimi nani atanicheka? Mtakaa kimya kama mnazika askari."

"Maneno yako yametoka nje ya msiba."

"Sikuyatoa mimi. Yametolewa na mashine yako." Akanigeukia. "Shemeji, mume wako alisoma sana."

"Sema tu kwamba ulitania," nilimwambia. "Neno moja."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Uwesu bila mzaha usoni, na sikuupenda uso ule.

"Haya niliyasikia kwa baba yangu," alisema, "kwenye msiba wa babu yako, amelala mlangoni vile vile. Alikuwa anacheka. Naye aliyasikia kwa baba yake, na huyo ndiye aliyetembea na Mhoja mpaka Ujiji. Huyo sikumwona uso. Siwezi kukwambia kama yeye alikuwa anacheka."

Kisha akaweka nyuzi mdomoni, akakanyaga cherehani. "Nendeni. Nina suruali za watu."

Hajji Sabiri alikuja Ijumaa baada ya sala. Hakukaa.

"Kaka, futa."

"Kituo hakifutwi."

"Wewe ndiye mwenye nywila. Wewe ndiye uliyesema hakifutwi, na wewe ndiye utakayesema kinafutwa. Futa chetu, futa na cha yule binti wa Ulyankulu, muwe sawa, mambo yaishe."

"Cha kwake atajua nimekifuta kwa ajili ya Mhoja. Si kwa ajili ya babu yake."

"Atajali nini? Mama yake atapita njiani kwa amani!"

Nikadakia mimi. Nilimwambia, "Baba Shamila, futa. Kanuni zako nimezisahihisha kwa mkono huu. Hata shuleni tulifuta matokeo yaliyokosewa."

"Nilimwambia mama wa watu apite njia nyingine," alisema. "Mwanawe aliponiomba nilimwambia hivyo, mbele ya darasa. Sasa nami napita njia ile ile."

Sabiri akamwita jina ambalo sitaliandika, akatoka, na hakukanyaga tena nyumbani kwetu mpaka siku ya kuubeba mwili wa kaka yake. Sikukubaliana na Abbasi siku ile na sijakubaliana naye mpaka leo. Alikuwa mtu mkatili, na alipofikiwa na ukatili wake mwenyewe hakuukimbia. Wanaosema alishindwa kufuta hawakumjua. Alikuwa akiifungua ramani kila asubuhi, akikitazama kile kituo na nafasi tupu iliyokuwa chini yake, mahali pa jibu, kisha anaifunga.

Siku moja aliniuliza. Nilikuwa nachambua mchele.

"Tunu alikuwa kwako mwaka mzima. Alilala mkeka mmoja na dada yake Mhoja, mama wa huyo mpwa. Hakukwambia chochote?"

Hakuwa ameuliza kabla ya hapo, na nilijua ilimgharimu kuuliza.

"Tunu alikuwa mgonjwa," nilimwambia. "Kanuni yako inasema mgonjwa asirekodiwe."

Alinitazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akarudi barazani. Hakuniuliza tena.

Alianguka akitia udhu. Ilikuwa shinikizo la damu, alilokuwa nalo tangu Shamila wetu yuko shule ya msingi. Daktari aliandika hivyo na ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kusema amekufa kwa aibu akamuulize daktari.

Nilikuwa ndani na wanawake wakati anatolewa. Sikuona, nilisikia dirishani. Uwesu alikuwa mlangoni, chini, sauti yake imepasuka kwa uzee.

"Leo kirangozi ni nani? Mwenye ramani kapotea, ramani imebaki! Mwekeeni kituo, msije mkamkosa siku ya kiama!" Watu wakacheka. "Na fungueni mhakikishe yumo! Watu hawa si wa kuamini. Isije ikawa mdogo mtu keshapokea jora!"

Nikamsikia Sabiri akicheka, kicheko kikageuka kikawa kilio, na watani wakamcheka kwa hilo pia. Hakuna aliyenyanyua simu. Walikuwa wamejifunza.

Recheli alikuja nikiwa kwenye eda. Siku hizo alikuwa ameajiriwa chuoni kama msaidizi wa wakufunzi, na Ezekia alikuwa amemkabidhi ramani. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti kunisalimu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu."

Wanawake waliokuwa nami walimjua. Mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, "Ndiye huyu? Mbona hata mnene si mnene." Mwingine akajikohoza. Recheli hakuinua macho. Nikaomba aletewe maji.

"Pole, Mama. Sikuja kuomba radhi," alisema.

"Sikukutarajia uombe."

"Mwalimu alikuwa na kazi moja hajaimaliza. Kile kituo hakijajibiwa. Vingine vyote vilivyolalamikiwa vimejibiwa, hicho peke yake kiko wazi. Watu wanaendelea kukifungua."

"Waache wafungue."

"Changu nilikijibu." Alikunywa maji, akaweka kikombe chini. "Nilimpata bibi mwingine aliyevuka siku ile. Yuko Ulyankulu, haoni tena. Nilimrekodi."

"Akasema nini?"

"Kwamba ni kweli. Kwamba mke wa babu alikuwa bado anaita, na babu aliziba masikio ya baba yangu kwa mikono, kwa sababu baba alikuwa mtoto na alitaka kurudi. Nikaweka. Mama alinipiga. Lakini watoto wameacha kuigiza. Wakishaambiwa ndiyo, ni kweli, hakuna utamu tena."

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni.

"Mama, wanasema Bi Tunu alikuwa kwako. Kama ni uongo, niambie neno moja, niliweke, niondoke. Kama ni kweli, nalo ni jibu. Sitaweka jina lako."

Alikuwa ameishika simu mkononi, imezimwa, kioo chini, kwa adabu. Alifundishwa vizuri. Nilimwona kama Abbasi alivyokuwa kijana: anauliza swali moja, hataki kuzungushwa. Niliona pia kwamba alikuwa na haki, na kwamba haki yake haikunibadilisha kitu.

"Maji umemaliza?" nilimuuliza.

"Nimemaliza."

"Basi gari la Ulyankulu lisikuache."

Alipofika mlangoni, akiwa anavaa viatu, aliuliza tena, akiwa amenipa mgongo. Nikamjibu nilivyomjibu Abbasi. Tunu alikuwa mgonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa, bila mchi na bila matusi. Kituo kipo mpaka leo, na nafasi iliyo chini yake ni tupu. Sabiri ameniomba niijaze kwa uongo. Shamila, kutoka Mwanza, ameniomba niijaze kwa lolote. Ezekia ameandika barua ya heshima. Nami nawajibu wote hapa mara moja, pamoja nanyi mliosoma mpaka hapa mkidhani mwishoni nitasema.

Bi Tunu aliongea nami mwaka mzima, na alikuwa na akili zake. Alichosema nimekisikia peke yangu, na nitazikwa nacho. Msinitumie mtu. Sisemi.